Sindano Iliyokuwa ya Baba

Baba yangu alikuwa akisikia kwa sikio moja tu, la kushoto. La kulia lilikufa zamani, kule milimani Masisi, kabla sijazaliwa, na kila alipoulizwa lilikufaje alitoa sababu mpya: mara radi, mara pembe ya ng'ombe, mara ulimi wa shemeji yake. Nadhani mwenyewe alikuwa ameshasahau. Basi nilikua nikitembea upande wake wa kushoto. Sokoni, kanisani, kwenye ofisi za serikali, mimi nilikuwa kushoto, nikimrudishia maneno ya watu karibu kabisa na sikio, hata harufu ya kofia yake ya sufu nikaijua kuliko harufu ya mto wangu wa kulalia. Padri akihubiri nusu saa, mimi nilimpa baba dakika mbili. Tukitoka nje aliwaambia watu kwamba padri yule ana kipaji cha kusema kwa kifupi.

Nilikuwa nikipunguza, nikiongeza chumvi, nikiruka nilichoona hakina faida, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeumia. Nasema hivi mapema ili msije mkadhani jambo nililofanya baadaye lilinishukia kutoka mbinguni. Mkono wangu ulikuwa umeshazoea.

Tuliishi Majengo, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkeno: mimi, watoto wangu watatu, na yeye. Vita vilikuwa vimemwondolea ng'ombe wake wote, akashuka mjini na fimbo, kofia, na shuka moja. Asubuhi alitoa kiti chake nje na kutazama ukungu ukishuka kutoka upande wa mlima, polepole, mweupe na wa kijivu, ukipita juu ya mabati ya majirani. Aliutazama kwa makini, kama mtu anayetazama mifugo yake ikirudi. Wakati mwingine aliinua fimbo kidogo na kufanya sauti ile ya mdomo ambayo wachungaji huifanya ng'ombe akipotoka njia.

"Papa, leo zimerudi zote?" nilimtania.

"Moja imebakia mu bonde," alinijibu, bila kugeuza macho.

Nami nilikwenda kazini nikiwa nimeamini nusu. Kazi yangu ni jibini, ile ya Masisi, ya mviringo, ambayo sisi huku tunaiita fromaji. Inashuka kutoka milimani ikiwa imefungwa kwa majani, mimi naipokea, naipangusa, naivusha mpaka wa nchi kwenda kuuza Gisenyi, mji wa ng'ambo. Kwa hiyo hata siku ambazo baba hakuwa na ng'ombe hata mmoja, nyumba yetu ilinuka maziwa, na nadhani harufu hiyo ndiyo iliyomdanganya asubuhi zile. Mimi mwenyewe ilinidanganya. Nilikuwa nikiamka na kusikia kengele za shingoni, nikalala tena, nikaamka, ikawa ni sufuria ya jirani.

Corona ilipokuja, mji ulikuwa umeshazoea kuogopa. Tulikuwa tumeshanawa mikono miaka ya Ebola kwenye ndoo za klorini, tumeshapimwa joto kwa kile kibunduki cha kipaji cha uso, tumeshakimbia moto wa mlima na magodoro kichwani. Kwa hiyo watu wengine waliipokea kwa dharau. Wengine walisema chanjo yake inawasha balbu ukiigusisha begani. Baba na mimi tulichanjwa siku moja, sindano moja moja, na jioni yake niliwaambia watoto walete balbu tujaribu. Haikuwaka. Baba alicheka mpaka akakohoa.

Miezi ikapita. Likaja neno jipya mjini, rapeli, yaani sindano ya nyongeza ya kuukumbusha mwili. Mimi si mtu wa kuamini kila kinachosemwa redioni, wala si mtu wa kukataa kila kinachosemwa redioni. Mimi ni mtu wa kuvuka mpaka. Na wiki hizo pale mpakani, kwenye ile njia ya wanaotembea kwa miguu, walianza kutazama kadi na kuuliza: ya nyongeza iko wapi? Mara mbili nilirudishwa na fromaji yangu kichwani. Mara ya tatu niliapa kwamba sitarudishwa tena.

Ndipo tukaenda kituo cha afya cha Mabanga, baba na mimi, asubuhi moja ya mvua nyembamba. Ukitembea kwenye mvua ya namna ile mjini kwetu huisikii, unaiona tu mawe yanapogeuka kuwa meusi zaidi. Baba alitembea mbele akiyachagua mawe kwa fimbo. Tulikuta benchi refu ukutani na watu watano wameketi. Yeye akawa wa sita, mimi wa saba. Niliketi kushoto kwake, kama kawaida.

Muuguzi alitoka, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole na miguu iliyochoka. Alishika kichupa kidogo kati ya vidole viwili, akakiinua tukione wote.

"Batu basikie vizuri," alisema. "Leo niko na chupa moja tu, na ni ya batu sita. Nikiisha kuifungua, haiwezi kulala. Sasa musikie tena. Rappel ni ya bazee kwanza, na benye kuwa na sukari, na benye kuwa na pressure. Sisemi kama mutu akiipata hatashika corona. Anaweza kuishika. Lakini inasaidia isimufikishe ku oxygène. Ile sindano ya kwanza, mwili inaanza kuisahau, na mwili ya muzee inasahau mbio. Kijana akikosa rappel, mara mingi atakohoa na kuamuka. Muzee akikosa, pumuzi inaweza kumukatalia."

Alisema polepole, na maneno yake yalikuwa wazi hata kuku aliyesimama mlangoni angeyaelewa. Baba aliona midomo yake ikisogea. Akaniinamia.

"Anasema nini?"

Nakumbuka kila kitu cha dakika ile. Nakumbuka tone la mvua lililoning'inia kwenye ukingo wa kofia yake. Nakumbuka kwamba kichwani mwangu kulikuwa na barabara ya kwenda Gisenyi, pana, kavu, yenye jua. Niliweka mdomo karibu na sikio lake.

"Anasema chupa ni moja. Haitatosha batu bote."

Haikuwa uongo. Ilikuwa ni nusu, kama mahubiri ya padri. Nilimpa nusu ile, ile nyingine nikaimeza.

Baba alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari ya nyumbani. Uso wake ulichangamka. Alikuwa anaijua chupa. Kule Masisi, muganga wa ng'ombe alipanda mlimani na chupa zake kwenye sanduku lenye barafu, na chupa ikifunguliwa haikufungwa tena, ilibidi iishe siku hiyo hiyo. Wachungaji walijenga njia nyembamba ya miti, ng'ombe wakapitishwa mmoja mmoja. Na kama chupa hazikutosha, kulikuwa na utaratibu, wala hakuna aliyeubishia.

"Ni kama ngombe," aliniambia, kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia, benchi zima likageuka. "Chupa ikiwa kidogo, unaanza na ile yenye iko na maziwa. Kisha yenye iko na ndama mu tumbo. Kisha ndama. Ngombe ya zamani unaiacha inyuma. Ile ilisha kuzaa."

Akanishika kifundo cha mkono. Alisimama, akanivuta, akanikalisha kwenye nafasi ya sita, yeye akahamia ya saba, upande wangu wa kushoto, ambako hakuwahi kukaa. Sikio lake zima likabaki kando ya mlango, tupu.

"Weye uko na batoto," alisema. "Upigwe weye."

Ningesema nini? Najua ningesema nini. Ningesema: Papa, huyu mama amesema kinyume kabisa. Kwa ng'ombe, mzee ni wa mwisho, lakini kwa ugonjwa huu mzee ndiye wa kwanza, maana vijana miili yao bado inakumbuka kupigana na yako inasahau. Sentensi moja. Nimesema sentensi ndefu kuliko hiyo nikipatana bei ya majani ya kufungia. Lakini nilinyamaza, na nilinyamaza kwa raha, hiyo ndiyo inayoniuma. Moyo wangu ulifurahi. Nilijiambia kwamba baba ameamua mwenyewe, na uamuzi wa mzazi hautupwi.

Muuguzi alipofika kwetu alitazama nywele nyeupe za baba, akanitazama mimi.

"Papa, zamu ni yako," alimwambia.

Baba alitabasamu bila kusikia na kunionyesha kwa kidole.

"Umemuelezea vizuri?" muuguzi aliniuliza.

"Nimemuelezea," nilisema.

Sindano ikaingia. Haikuuma.

Alasiri ile nilipata homa ndogo ya chanjo, nikajilaza kwenye mkeka karibu na mlango, jua likiwa limetoka na ardhi ikitoa mvuke. Niliota mchana kweupe. Nilikuwa napita katika njia nyembamba ya miti pamoja na ng'ombe, mbavu zao za joto zikinibana huku na huku, na mbele yangu kulikuwa na mikono ya mtu anayetupokea mmoja mmoja. Nyuma nilisikia pumzi nzito ya mnyama mkubwa. Nilitaka kugeuka nione ni yupi aliyeachwa, ila njia ile ilikuwa nyembamba, haikuruhusu kugeuka. Nilipoamka baba alikuwa amenifunika kwa shuka lake, na amekaa pale akinifukuzia nzi.

Wiki ile nilivuka mpaka. Nilionyesha kadi kwa mkono ulionyooka kama mtu wa maana. Nilivuka tena wiki iliyofuata, na nyingine, na nyumba yetu ikawa na sukari na mafuta, na baba alikuwa akinipokea mlangoni akinipangusa mzigo kichwani na kusema, "Mama wa kizungu amerudi." Nilikuwa nimeshasahau. Kweli kabisa, nilikuwa nimesahau. Dhambi ndogo ikikaa mwezi mmoja bila kuitwa jina inakuwa kama kiti cha zamani ndani ya nyumba.

Kisha nikarudi siku moja na mafua. Kichwa kiliniuma, pua ikatiririka, koo likakwaruza. Siku tatu. Sikulala hata kitandani, niliendelea kupangusa fromaji zangu nikipiga chafya begani. Siku ya nne nilikuwa mzima, nikafua nguo zote za nyumbani. Siku ya tano baba hakutoa kiti chake nje.

Sijui kama ni mimi niliyemletea. Mji ulikuwa umejaa vikohozi wiki zile. Lakini tulikula sahani moja, na ni mimi niliyekuwa nikisema karibu na sikio lake, mdomo kwa shavu, kila siku. Nani mwingine? Ile sindano ilinizuia mimi kuanguka. Haikunizuia kubeba ugonjwa na kuuingiza mlangoni mwangu. Muuguzi alikuwa amesema wazi: unaweza kuishika. Hata sehemu hiyo nilikuwa nimeimeza.

Kwanza ilikuwa homa. Kisha akawa anasimama katikati ya chumba kama aliyesahau alikokuwa anakwenda, akishika ubao wa ukuta. Nilimwona midomo imekuwa na rangi ya zabibu. Tulimpakia kwenye pikipiki, mimi nyuma yake nimemshika kiuno, na safari nzima mpaka hospitali niliweka sikio langu mgongoni mwake nikisikiliza. Ndani mlikuwa na sauti kama ya mtu anayetembea kwenye majani makavu, mbali sana.

Hospitalini walimlaza kifudifudi, wakamwekea bomba la oxygène puani. Muuguzi kijana aliandika karatasi yake.

"Alipata chanjo?"

"Moja. Ya kwanza."

"Na rappel?"

"Hapana."

"Juu ya nini?"

"Alinipa zamu yake," nilisema. Na nilipoisikia sentensi hiyo ikitoka mdomoni mwangu, nzuri, tamu, ya kumsifu mzazi, nilitaka kujipiga kofi. Yule kijana aliinua macho, akanitazama kwa huruma. Alinihurumia mimi!

Hawakuturuhusu kukaa ndani. Kulikuwa na dirisha upande wa ua, na mimi nilisimama pale siku saba, kwenye majani, pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine. Siku hizo sizikumbuki kwa mpangilio, zimelala moja juu ya nyingine kama vitenge ndani ya sanduku. Ziwa lilikuwa linaonekana kwa chini, limelala, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Sauti za wanawake wa samaki zilipanda kutoka soko la Kituku, zikifika kwetu zikiwa zimepoteza maneno. Ndani, mashine ya oxygène ilinguruma bila kupumzika, na chini ya ngurumo ile nilijitahidi kusikia pumzi ya mtu mmoja. Nilijifunza kuitofautisha. Ilikuwa fupi, inapanda, inasimama, na kila iliposimama mimi nami niliacha kupumua.

Mara umeme ulikatika. Mashine ikanyamaza. Watu wote uani tukanyamaza pia, hata aliyekuwa akinyonyesha. Ilipita muda kama wa kusema Baba Yetu mara moja kwa haraka kabla jenereta haijaanza kukohoa. Katika ukimya ule nilimsikia baba akiita ng'ombe wake, kwa majina, kwa sauti ya kijana. Aliwaita mmoja mmoja, akiwapitisha. Nilimjua kila mmoja kwa hadithi za baba, na nilielewa anawapanga. Alianza na wenye maziwa.

Nililia pale dirishani kwa sauti, sikuona haya. Mama mmoja alinishika bega akisema, "Muombee, atapona," na mimi nikamwambia sijui kama nina mdomo wa kuomba nao. Alidhani nimechanganyikiwa.

Alipona. Nasema haraka kwa sababu na yeye alipona namna hiyo, kwa ghafla, kama mtu aliyebadili mawazo. Siku ya nane aliomba ugali. Walimrudisha nyumbani amekonda, hawezi kusema maneno manne bila kusimama kuvuta pumzi katikati, na kutoka kitandani hadi mlangoni ilikuwa kwake ni safari ya Masisi.

Kabla ya kumwambia lolote, nilikwenda Mabanga kwa yule mama muuguzi. Nilimkuta anafagia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, na hakuacha kufagia mpaka nilipomaliza.

"Unataka niseme kama ni weye ulimugonjesha?" aliniuliza. "Ao unataka niseme kama si weye?"

"Nataka kujua. Kama angepata rappel, hangefika kule?"

"Sijue, mama. Kwa mutu moja, hakuna mwenye kujua. Kuna bazee balipata rappel na bakalala hospitali vilevile. Lakini ukiangalia batu mingi, kwa benye balipata, ni bachache tu banafika ku oxygène. Na ile ya kwanza pia ilimusaidia pengine, juu amerudi. Miye ninakuwaka na hesabu ya batu mingi. Ya mutu moja, ni Mungu." Alikusanya takataka zake. "Lakini ya kusema ‘nimemuelezea’, ile si ya Mungu. Ile ni yako."

Majuto ni mjukuu, husemwa, huja kinyume. Wangu alikuwa ameshazaliwa na anatembea.

Nilimwambia baba alasiri. Watoto walikuwa shuleni. Alikuwa amelala chali, nami nikapiga magoti upande wa kushoto na kuweka mdomo pale ninapouweka tangu utotoni. Nilimpa nusu iliyobaki, neno kwa neno, kama muuguzi alivyoisema. Bazee kwanza. Mwili ya muzee inasahau mbio. Nikamwambia kwamba nilisikia, nilielewa, na nilinyamaza kwa sababu ya mpaka.

Alinitazama kwa macho yaliyokuwa makubwa kuliko uso. Kisha akajigeuza, kidogo kidogo, akitua kuvuta pumzi, mpaka akalala kwa ubavu wa kushoto. Aliliweka sikio zima kwenye mto, akanibakishia lile lililokufa.

Siku tatu alilala hivyo. Nilimletea uji, alikunywa akiwa ameketi, akarudi kwenye ubavu ule ule. Watoto walimwita babu, babu, hakuwasikia nao, wakadhani ugonjwa umemla na sikio la pili. Mimi nilijua. Baba yangu hakuwahi kunipiga wala kunitukana, na kama angekuwa amenitukana ningeshukuru. Nilikaa pale na mikono mitupu, nikisema mambo kwa lile sikio la kulia, mambo yote, hata ya zamani, mahubiri niliyokata, barua niliyosoma vibaya makusudi, bei niliyomficha. Nilisema mpaka nikaishiwa. Yalikwenda huko yalikokwenda.

Siku ya nne aliketi mwenyewe.

"Ulivuka?" aliuliza.

"Nilivuka, Papa."

Akavuta pumzi. "Fromaji iliisha?"

"Iliisha."

"Basi," alisema, na akaomba maji ya kunawa.

Nilidhani hapo ndipo yalipoishia. Alianza tena kutoa kiti nje, kwanza mimi nikimbebea, baadaye peke yake. Alinitania tena. Alicheza na watoto karata. Muuguzi alikuwa ametuambia tusimharakishe, apone kabisa kwanza, miezi kadhaa ipite, ndipo apewe rapeli yake, kwa maana kuugua mara moja hakumhakikishii mzee kwamba hataugua tena vibaya. Nilingoja miezi hiyo kwa hamu kama msichana anayengoja harusi. Kila kikohozi cha jirani kilinisimamisha. Nilimpangia njia, nilimshonea shati lenye mkono mpana unaokunjika kirahisi. Siku ikafika.

Tulikwenda polepole. Alisimama kila baada ya nyumba mbili, akiegemea fimbo, akijifanya anatazama bustani za watu. Mimi sikumkimbiza. Benchi lilikuwa na watu wengi zaidi mara hii, vijana wengi, wa mpakani kama mimi. Tuliketi, mimi kushoto. Yule mama muuguzi alitoka na kichupa chake kati ya vidole viwili, akaanza kusema na watu.

Niliinama. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yote, mazima, bila kupunguza hata moja. Nilifungua mdomo karibu na kofia.

Baba aliinua kiganja chake, taratibu, akakiweka kati ya mdomo wangu na sikio lake. Hakunikasirikia. Alifanya kama mtu anayeziba upepo usizime kiberiti. Kisha akasimama, akavuta pumzi, akapita mbele ya magoti ya vijana wote wale mmoja baada ya mwingine, mpaka alipofika kwa muuguzi. Akamgeuzia shavu la kushoto.

"Mama," alimwambia kwa ile sauti yake kubwa, "semea hapa. Nataka kusikia miye mwenyewe."

Muuguzi alinitazama juu ya bega lake. Kisha aliweka mkono mgongoni mwa baba, akamwinamia, akamwambia yote tangu mwanzo. Baba alisikiliza, akatikisa kichwa, akauliza swali moja ambalo sikulisikia, akajibiwa. Akakunja mkono wa shati.

Alichanjwa wa kwanza. Nilifurahi, na ninaposema nilifurahi sidanganyi. Nilibaki kwenye benchi, mahali pake pakiwa bado na joto. Tangu siku ile baba anatoka peke yake, na anapotaka kujua watu wanasema nini, anawafuata na kuwauliza wao.